KABLA YA DARAJA LA BUSISI: Nani Alimpisha Mama Mwenye Mtoto Kwenye Foleni?

Ushawahi kukaa kwenye foleni ya feri ya Kigongo–Busisi? Kama umekulia Mwanza, Sengerema, Geita au Chato, huhitaji kusimuliwa. Kama umeanza kupita njia hiyo baada ya Juni 2025, basi kuna sinema imekupita.

Ilikuwa hivi. Basi linatoka Mwanza mjini, linapita Usagara, linateremka Kigongo upande wa Misungwi, halafu linazima injini. Mbele yake kuna malori ya saruji, Hiace, Noah, na pikapu zilizojaza matenga ya dagaa. Ng'ambo, Busisi inaonekana kabisa, mabati ya nyumba yanang'aa juani. Hapo kati ni kilomita tatu tu za maji ya Ghuba ya Mwanza. Ila feri ndiyo kwanza imeondoka. Konda anageuka: "Jamani, shukeni mnyooshe miguu, hapa tupo tupo." Ndani ya dakika tano pembeni pamegeuka gulio. Mahindi ya kuchoma, karanga, sato wa kukaanga, soda iliyopoteza ubaridi.

Na karibu kila basi lililofika pale lilikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Jina lake halijaandikwa popote. Mara anaenda kliniki Bugando, mara anarudi kwao Sengerema kujifungulia au kumwonyesha bibi mjukuu. Begi mkononi, mtoto kwenye kitenge, jua la saa saba.

Sasa swali dogo: kwenye ule msongamano, mama huyo alipataje nafasi? Na leo foleni imekufa, nani anampa?

Nchi nyingine swali hilo wamelijibu kwa rangi. Wanachora chini, kwenye maegesho ya magari, picha ya kigari cha mtoto, maana yake hapa ni pa mzazi mwenye mtoto mdogo. Ukisikia hivyo unaweza kucheka ukasema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini ukiifuatilia historia ya Busisi unakuta kitu hichohicho kilikuwepo pale muda mrefu, ila bila rangi.

FOLENI ILIKUWA NA KATIBA YAKE

Utaratibu wa juujuu ulijulikana. Gari la wagonjwa lilipita mbele. Msafara wa kiongozi ulipita mbele pia, watu wakanung'unika kimoyomoyo. Waliobaki walisubiri zamu. Serikali yenyewe, ilipokuwa ikieleza kwa nini daraja linatakiwa, ilitaja watu kusubiri mpaka saa mbili na tatu. Safari yenyewe majini ilikuwa nusu saa hivi. Vivuko vilisimamiwa na TEMESA, na kile kikubwa, MV Mwanza, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 1,000 na magari 36. Kikubwa kweli, lakini ukikosa nafasi, umekosa, unakisubiri kiende na kurudi.

Chini ya utaratibu huo kulikuwa na mwingine ambao haukubandikwa ukutani. Lango la feri likishuka, abiria wa basi waliingia kwa miguu, basi nalo likaingia peke yake. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza, maana viti vya abiria havikutosha wote. Katikati ya kusukumana inatoka sauti, mara nyingi ya mzee: "Mpisheni mama mwenye mtoto!" Na watu wanapisha. Kijana aliyeshakaa ananyanyuka, anajifanya alikuwa anataka tu kuangalia maji. Mwingine anapokea begi. Bibi asiyemjua kabisa ananyoosha mikono: "Mayu, nipe huyo nimpakate, na wewe upumzike."

Ukiitazama vizuri, hiyo ndiyo nafasi maalumu ya mzazi. Haikuwa na kibao wala faini. Ilisimamiwa na aibu tu, maana nani atabaki amekaa wakati watu mia wanamtazama?

Desturi hiyo ilifanya kazi kwa sababu watu walionana. Foleni iliwatoa wote kwenye viti, mwenye lori na mwenye Noah, mwalimu na mchuuzi wa samaki, ikawachanganya kwenye vumbi moja kwa saa mbili. Huwezi kukaa karibu na mtoto anayelia kwa saa mbili halafu ukajifanya hujui yupo.

Ila ilikuwa na tundu lake. Iliwasaidia walioonekana. Mama aliyekuwa kwenye gari dogo, nafasi ya kumi na tano kwenye mstari, kichanga cha siku kumi kiti cha nyuma, vioo juu kwa sababu ya vumbi, huyo alisubiri zamu sawa na lori la saruji. Hakuna aliyemsikia mzee akisema apishwe, kwa sababu mzee hakumwona.

MTOTO WA KUPAKATA HANA TIKETI

Lugha ya usafiri ina neno zuri sana, mtoto wa kupakata. Ni yule anayekaa mapajani kwa mama, halipiwi nauli kwenye daladala. Kwa mfuko wa mama ni nafuu kubwa, hakuna anayelalamika.

Lakini kutolipa nauli kuna upande wa pili. Asiye na tiketi hayumo kwenye hesabu. Kiti hakupewa, nafasi hakupangiwa, amehesabiwa ndani ya mama yake kama vile ni sehemu ya mzigo.

Watu wa ziwa wanajua uzito wa hesabu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia wakafa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Yaani waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kuwemo. Baada ya hapo hakuna mtu wa kanda hii anayeona kuhesabu abiria ni urasimu tu. Ukimhesabu mtu, unalazimika kujua atakaa wapi.

Na historia ya nafasi za wazazi, popote duniani, ni historia ya kuanza kumhesabu huyu ambaye hakuwa na tiketi.

KABLA YA FERI, KULIKUWA NA MGONGO

Turudi nyuma kidogo. Kwenye ramani za kikoloni ghuba hii iliitwa Smith Sound. Kabla ya injini, watu walivuka kwa mitumbwi. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukaanza kuvuta watu na mazao kutoka pande zote za ziwa, na kuvuka ghuba kukawa safari ya kila siku kwa wengi.

Kwenye mtumbwi hakuna pa kuweka kitu cha magurudumu. Mtoto anakaa mgongoni, kwenye mbeleko. Zamani bara ilikuwa ngozi iliyolainishwa, baadaye ikaja kanga, vazi lililoanzia pwani ya Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha vitenge. Mbeleko si umaskini kama wengine wa mjini wanavyodhani. Ni teknolojia iliyolingana na mahali. Inaacha mikono miwili huru ya kushika jembe, ndoo, kuni, au ubao wa mtumbwi usianguke majini.

Na kwa Mwanza, hata leo, ina hoja. Huu ni mji wa mawe. Nenda Mabatini, nenda Igogo, angalia nyumba zilivyopandiana juu ya miamba, njia ni ngazi na vichochoro. Kigari hakipandi jiwe. Mama wa mlimani anafunga kitenge, anapanda zake, anafika.

Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini mababu hawakutengeneza vigari vya watoto, jibu ni kwamba hawakuwa na pa kuvisukumia.

KIGARI KILIVYOINGIA MJINI

Kigari cha mtoto kilianza kama kitu cha matajiri kujidai. Mwaka 1733 huko Uingereza, msanifu anayeitwa William Kent alitengeneza kimoja kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire. Kilikuwa na umbo la kombe la baharini na kilivutwa na mnyama mdogo kama mbuzi. Hebu fikiria mtoto anavutwa na mbuzi bustanini. Karne iliyofuata vikaanza kusukumwa na watu, vikapendwa na familia za kifalme, halafu watu wa kawaida wakaiga.

Afrika Mashariki vilikuja na wakoloni, na aliyesukuma hakuwa mama. Alikuwa yaya. Neno hilo lenyewe limesafiri, lina asili ya Kireno, likapita India ndipo likazoeleka huku. Kwenye mitaa ya Wazungu yaya alisukuma mtoto wa bosi kwenye barabara iliyosawazishwa, halafu jioni akarudi kwake kumbeba wa kwake mgongoni. Ndiyo maana mpaka leo kwa watu wengi kigari kina harufu ya ubwana.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1965. Mhandisi wa ndege wa Kiingereza, Owen Maclaren, aliyewahi kushughulika na magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni kigari chepesi cha kukunjwa kama mwavuli. Unakikunja kwa mkono mmoja, unakitia kwenye buti. Kuanzia hapo kigari na gari vikawa ndugu. Mzazi anaendesha mpaka dukani, anakunjua, anasukuma. Na hapo ndipo tatizo la maegesho lilipozaliwa, kwa sababu kukunjua kigari na kumtoa mtoto kwenye kiti kunataka nafasi.

HESABU YA SENTIMITA

Hii sehemu hata asiye na mtoto ataielewa. Nafasi ya kawaida ya kuegesha gari Uingereza ina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.8. Toyota IST, gari la mjini kabisa, ina upana wa karibu mita 1.7. Ukipanga IST mbili vizuri katikati ya mistari, kati yake inabaki kama sentimita 70. Weka gari pana zaidi, tuseme Harrier, zinabaki pungufu.

Sasa kwenye sentimita 70 fungua mlango wa nyuma. Ingiza kiwiliwili, inama, fungua mkanda, mtoe mtoto aliyelala bila kumgonga kichwa. Umeshindwa? Basi utafanya kama wanavyofanya wengi. Unasimamisha gari katikati ya njia, unamtoa mtoto huku gari za nyuma zinapiga honi, mtu mwingine anabaki kuegesha. Kama uko peke yako, Mungu akusaidie.

Ndiyo maana nafasi za watu wenye ulemavu Uingereza huongezewa mita 1.2 pembeni. Wenye maduka makubwa wakaona upana wa namna hiyo unamsaidia mzazi pia, wakachora zao karibu na mlango. Ila sheria ya nchi haikuwalazimisha. Walifanya kwa sababu mzazi aliyepata pa kuegesha anaingia ndani na kununua.

Nchi nyingine zilifuata njia zao. Ujerumani, kuanzia miaka ya 1990, zikaenea nafasi za wanawake kwenye maegesho ya ghorofa, hasa kwa ajili ya usalama usiku, pamoja na nafasi za mama na mtoto. Seoul, Korea Kusini, mwaka 2009 jiji lilichora nafasi za wanawake kwa mistari ya pinki. Watu wakabishana miaka na miaka: je, baba akiwa na mtoto? Mwaka 2023 jiji likaanza kuzigeuza kuwa nafasi za familia. Taiwan wao wameliweka kwenye sheria kabisa, maegesho ya umma yatenge asilimia 2 ya nafasi kwa wajawazito na wenye watoto wa chini ya miaka 6.

Wote hao walikuwa wanajaribu kuchora sauti ya yule mzee wa Kigongo.

DARAJA LILIUA FOLENI

Desemba 7, 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi. Mwenyewe mtu wa Chato, njia hiyo hakusimuliwa. Alifariki Machi 17, 2021 daraja likiwa bado linajengwa. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua, likiwa na jina la Magufuli. Urefu kilomita 3, barabara unganishi kilomita 1.66, upana mita 28.45, gharama zaidi ya shilingi bilioni 700. Kwa urefu hakuna la kulifikia Afrika Mashariki na Kati.

Safari iliyokula saa mbili au tatu sasa ni dakika chache. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu Sengerema usiku hahitaji tena kuombea feri iwe upande wake. Hilo peke yake linatosha kunyamazisha ubishi wowote kuhusu faida ya daraja.

Lakini kila kitu kikubwa kinapokuja huondoka na kitu kidogo. Foleni ilipokufa, lile gulio la pembeni liliondoka nayo. Mama wa mahindi, ambaye naye alikuwa na wake mgongoni, alipoteza wateja waliokuwa wamekwama mbele yake kwa saa mbili. Na ile sauti ya "mpisheni" haina tena pa kusemewa. Juu ya daraja kila mtu yuko ndani ya kioo chake, mwendo mzuri, muziki juu. Hakuna anayejua nani kabeba nini.

Kwa anayetembea, mambo yamegeuka kwa namna nyingine. Feri ilimkalisha kiti wakati inamvusha. Daraja linamtaka atembee kilomita 3, kama dakika 40 kwa mtu mzima asiye na mzigo, jua juu na upepo wa ziwa ubavuni. Daraja lina njia ya waenda kwa miguu kila upande, upana mita 2.5. Hiyo ni pana, vigari viwili vya watoto vinapishana bila kugusana. Kwa hesabu ya magurudumu madogo, huenda ndiyo njia nzuri kuliko zote kwenye kanda nzima: tambarare, haina jiwe, haina bodaboda iliyoegeshwa katikati.

Ila mama mwenye begi na mtoto hatatembea kilomita 3. Atapanda Hiace, atampakata mtoto. Au atapanda bodaboda, mtoto katikati yake na dereva, ule mshikaki unaojulikana. Amefika haraka, ni kweli. Na mtoto bado hana nafasi yake.

DUMU LA MAJI KWENYE PAKING

Sasa ingia mjini. Magari Mwanza yameongezeka, wazazi vijana wenye gari la kwanza wameongezeka, vigari vya kukunjwa vinauzwa madukani na mitandaoni. Mtu anatoka Busisi asubuhi, nusu saa baadaye au saa hivi yuko katikati ya jiji. Tatizo lililokuwa kwenye feri limehamia kwenye paking.

Simama nje ya jengo lolote lenye shughuli nyingi, liwe la ofisi, hospitali au maduka. Utamkuta mlinzi mwenye filimbi: "Njoo, njoo, kata kulia bosi, hapohapo." Karibu na mlango kabisa, kwenye kivuli, kuna nafasi tupu. Juu yake pana koni, au jiwe, au dumu la maji. Ukitaka kuingia hapo mlinzi anatikisa kichwa. Pana mwenyewe.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba nafasi maalumu ni wazo geni. Ipo tayari, na inalindwa kuliko inavyolindwa Seoul. Ina dumu juu yake, inamsubiri bosi ambaye pengine atakuja saa tano, pengine hatakuja kabisa. Dereva anayebeba kichanga anaelekezwa nyuma kule, kwenye changarawe, kati ya ukuta na Fuso.

Huyo mlinzi si mtu mbaya. Angekuwa kwenye feri angekuwa wa kwanza kunyanyuka. Shida ni kwamba kwenye paking hawezi kupisha mtu ambaye hajafika. Mama anapofika, nafasi za karibu zimeshajaa, na aliyeegesha hayupo, yuko ghorofa ya tatu anasaini karatasi. Hakuna wa kumwonea aibu.

Hapo ndipo rangi inapokuwa na maana. Rangi ni kumpisha mtu kabla hajafika. Inafanya kazi ya yule mzee wakati mzee hayupo.

"MBONA BIBI ZETU WALIBEBA MGONGONI?"

Hili halikosekani kila mjadala huu unapoanza. Bibi zetu walilima na mtoto mgongoni, walivuka ziwa na mtoto mgongoni, hawakudai paking.

Ni kweli walibeba. Lakini kumbuka na walichokuwa nacho. Bibi huyo alikuwa na mkwe, mawifi, dada wadogo, majirani wa kumpokea mtoto. Kwenye feri alikuwa na basi zima. Mzazi wa leo wa mjini anaendesha mwenyewe, anaishi chumba na sebule mbali na kwao, na mikono ya kupokea mtoto ni miwili tu, yake mwenyewe. Wanaomnyima mita moja ya lami kwa jina la bibi wanasahau kumrudishia wale watu waliomzunguka bibi.

Halafu si kwamba nchi haijui kumtambua mzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu muda wa kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku. Baba anapata siku 3. Siku za kupiga kura, wajawazito na wenye watoto wachanga hupewa kipaumbele kwenye mstari wa kituo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo kanuni ya kumtanguliza anayehitaji ipo, inajulikana, inatumika. Haijashuka tu mpaka kwenye lami.

Na ikishuka, isiishie kwa wenye magari, maana wengi wanaobeba watoto hawana gari. Kwa Busisi na Kigongo, nafasi ya mzazi inaweza kuwa benchi lenye kivuli pale Hiace zinaposhusha. Kwenye stendi kama ya Nyegezi, kona safi ya kunyonyeshea na mteremko mdogo badala ya ngazi, ili kigari kipite na baiskeli ya mwenye ulemavu ipite. Nje ya kliniki, sehemu ya bajaji kushusha mama bila kugombana na bodaboda zilizoziba lango. Na kwenye paking, nafasi mbili pana karibu na mlango, picha ya kigari chini.

Picha ya kigari, siyo ya sketi. Kwenye feri baba aliyembeba mtoto hakuwa na wa kumsemea, sauti ilimtaja mama tu. Seoul iliwachukua miaka 14 kuligundua hilo. Hapa linaweza kufanyika sahihi mara ya kwanza.

Wapo watakaoegesha hapo bila mtoto, hata Ulaya wanaegesha. Lakini mlinzi ana filimbi, na amezoea kulinda nafasi. Anachohitaji ni kuambiwa tu kwamba kuanzia kesho dumu linahama.

Yule mama wa foleni ya Kigongo, mtoto wake wa wakati ule huenda sasa ni kijana mwenye IST ya mkopo. Asubuhi moja atavuka daraja na kichanga chake kiti cha nyuma, kuelekea kliniki. Dakika chache ghuba imeisha, hakuna aliyemchelewesha. Ataingia getini, atapunguza mwendo, mlinzi atamsogelea dirishani.

Atamwelekeza wapi?